Kifua kinabana, troponini imetoka hasi, karudishwa nyumbani: mwongozo kamili wa kupima damu mara mbili kwa watu wa Kigoma na Tabora

Hii naiandika kwa sababu kosa ni lile lile. Mtu kifua kimembana usiku, jasho linamtoka, kapelekwa hospitali, kapimwa damu mara moja, majibu hasi, kapewa dawa za vidonda vya tumbo karudi nyumbani, halafu baada ya siku mbili analetwa hajiwezi. Ndugu wanasema kipimo kilidanganya. Hakikudanganya. Damu ilichukuliwa mapema mno na hakuna aliyerudia.

Mimi niko maabara hapa Kigoma, na ninachotaka ukijue ni kimoja tu: kipimo kimoja cha mapema cha troponini, yaani protini ya msuli wa moyo, sio jibu, ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni saa maumivu yalipoanza na kipimo cha pili.

Kwa kifupi tatizo lenyewe ni hili. Kwenye angina isiyo imara mshipa unaolisha moyo umebanwa, mara nyingi na donge la damu ambalo halijaziba kabisa, kwahiyo maumivu yanakuja hata umekaa, au yanakuja mara nyingi na makali kuliko zamani. Hapo msuli wa moyo unaweza kuwa bado mzima au umeanza kufa kidogo kidogo, na kwa kumwangalia mgonjwa huwezi kujua ni lipi. Msuli ukianza kufa unavujisha protini zake kwenye damu, na hizo ndizo tunazitafuta.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwa familia:

- Kalamu na karatasi, au simu ya kuandikia saa
- Aspirini, ya miligramu 300 moja au zile ndogo za miligramu 75 nne
- Dawa zote anazotumia mgonjwa, zibebe kwenye mfuko kama zilivyo na vikasha vyake
- Karatasi za zamani: ECG (kipimo cha umeme wa moyo), majibu ya figo, sukari, presha
- Kadi ya bima au hela ya kipimo, na ya kipimo cha pili (hii watu wanaisahau, halafu kipimo cha pili kinakufa hapo dirishani)
- Namba ya bodaboda, bajaji au mwenye boti ambaye anapokea simu usiku

Kwa aliyeko zahanati au maabara ndogo: kadi za troponini (zile za kupimia damu mezani bila mashine) ambazo hazijaisha muda, saa ya kuhesabia dakika, mirija ya damu ya aina iliyotajwa kwenye maelezo ya kadi, na daftari lenye nafasi ya kuandika saa tatu tofauti, yaani saa maumivu yalipoanza, saa damu ilipotolewa, saa majibu yalipotoka.

## Hatua ya 1: Andika saa, na uiandike kwa namna isiyoleta utata

Protini haziingii kwenye damu hapo hapo. Kwa vipimo vya kawaida troponini inaanza kuonekana masaa 3 mpaka 6 tangu maumivu yaanze, inafika kileleni kwenye masaa 12 mpaka 24 au zaidi kidogo, halafu inashuka taratibu kwa siku nyingi. Kwahiyo mtu asiyejua maumivu yalianza saa ngapi hawezi kutafsiri majibu, awe daktari bingwa awe nani.

Sasa hapa kuna mtego wa kwetu kabisa. Ndugu anafika dirishani anasema "kimeanza saa nne", anamaanisha saa nne asubuhi. Anayejaza fomu kazoea saa za kwenye kompyuta, anaandika 04:00. Hapo tayari masaa 6 yameongezeka bila mtu kushtuka. Mgonjwa kafika saa tano asubuhi, maumivu yana lisaa limoja tu, ila karatasi inasema yana masaa 7. Daktari akiona troponini hasi ya "masaa 7" anapumua na kumruhusu, wakati ukweli ni kwamba damu ilichukuliwa kabla protini haijapata hata nafasi ya kutoka.

Andika hivi: "Yameanza saa 4 asubuhi, yaani 10:00." Zote mbili, na mwambie anayejaza aandike hivyo hivyo.

Kama maumivu yanakuja na kuacha, andika siku yalipoanza mara ya kwanza, na saa ya kile kipindi kikali cha mwisho. Usiseme "tangu juzi" ukaishia hapo.

Umefaulu kama mtu asiyemjua kabisa mgonjwa akisoma hicho kikaratasi anaweza kuhesabu masaa bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 2: Ondoka, usisubiri kipimo "kiive"

Kuna waliosoma kwamba troponini inachelewa, wakaamua kukaa nyumbani masaa 4 ili wakapime mara moja tu waokoe hela. Usifanye hivyo hata siku moja. Huendi hospitali kwa ajili ya kipimo, unaenda ili moyo ukileta vurugu uwe mbele ya watu wenye oksijeni na mashine ya kuushtua.

Maumivu ya kifua yaliyozidi dakika 15 mpaka 20 ukiwa umepumzika, yanayobana au kukandamiza, yanayokwenda mkono, taya au mgongoni, na jasho la baridi, kichefuchefu au pumzi kukata: ondoka sasa hivi. Kwa wamama, wazee na wenye kisukari kifua kinaweza kisiume kabisa, ikawa ni kuchoka ghafla, kuhema, au kitu kama gesi juu ya kitovu. Hao ndio wanaopewa dawa za vidonda vya tumbo wakarudishwa, na kwa kweli inaniuma kila nikiona.

Kabla ya kutoka, mpe aspirini 300 aitafune, asimeze nzima, kwa sababu ikitafunwa inaingia kwenye damu haraka. Usimpe kama ana mzio nayo, anatapika damu au anapata choo cheusi, au ana dalili za kiharusi kama mdomo kwenda upande. Na kama maumivu yamekuja ghafla kama kitu kinachanika mpaka mgongoni, acha aspirini, mkimbize tu.

Onyo: usipitie duka la dawa kuchomwa sindano ya diklofenaki "ya kutuliza". Kwanza dawa hiyo haifai kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Pili sindano ya msuli inapandisha CK, kimeng'enya cha misuli, kwenye damu, ukifika maabara ndogo inayopima CK jumla peke yake tunabaki tunakisia kama imetoka moyoni au imetoka tako lililochomwa.

Na kile kidonge cha chini ya ulimi cha naitrogliserini, kama mgonjwa ametumia dawa ya nguvu za kiume ndani ya siku moja au mbili zilizopita lazima iambiwe hospitali, presha inaweza kuporomoka vibaya. Wazee wanaona aibu kusema mbele ya watoto wao, basi tokeni nje mumwache na nesi.

## Hatua ya 3: ECG kwanza, ndani ya dakika 10

Ukifika sema neno "kifua" kabla hujasema neno lingine. Utaratibu unaokubalika duniani ni ECG ifanyike na isomwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kama inaonesha mshipa umeziba kabisa, matibabu yanaanza bila kusubiri damu, na kama dawa ya kuyeyusha donge ipo inafaa zaidi ndani ya masaa 12 ya mwanzo.

Kama ECG ni ya kawaida, usishangilie. ECG safi haifuti angina isiyo imara. Ndio maana tunaendelea hatua ya 4, na ndio maana ECG nayo inarudiwa maumivu yakirudi.

## Hatua ya 4: Kipimo cha kwanza cha damu

Omba kwa heshima ila kwa jina: "Dokta, samahani, naomba kujua kama mzee atapimwa troponini, na ya pili itachukuliwa saa ngapi." Sentensi hiyo inafanya kazi kubwa, kwa sababu unauliza vyote viwili kwa pamoja kabla mambo hayajasahaulika.

Vipimo utakavyovisikia:

Troponini (I au T). Hii ndiyo ya kuaminika kuliko zote kwa kuumia msuli wa moyo. Kwa watu wa mbali ina faida nyingine, inakaa kwenye damu muda mrefu, troponini I kama siku 5 mpaka 10 na T inaweza kufika siku 14. Kwahiyo mgonjwa aliyetoka vijiji vya ziwani huko Kalya au Buhingu, akasubiri boti, akafika mjini siku ya tatu, bado tunaweza kukamata kilichotokea. Usiseme "nimechelewa, haina maana".

CK-MB. Ni ile aina ya CK iliyo nyingi zaidi moyoni. Inapanda masaa 4 mpaka 6, inarudi kawaida ndani ya siku 2 au 3. Msuli wa mwili nao unatoa kidogo, ndio maana troponini inaipita. Inasaidia pale mtu aliyeumia moyo wiki hii anapata maumivu mapya, kwa sababu troponini ya mwanzo bado iko juu lakini CK-MB ilishashuka, ikipanda tena unajua ni jambo jipya.

Mayoglobini. Ni protini nyingine ya misuli. Inawahi kuliko zote, lisaa 1 mpaka 3, ila inatoka kwenye msuli wowote, hata mtu aliyelima kutwa au aliyeanguka na pikipiki. Ikiwa juu peke yake haithibitishi kitu.

Kama hospitali ina mashine ya troponini nyeti, ile ambayo kwenye karatasi inaandikwa "hs" mbele, troponini inatosha, hivyo vingine viwili havina kazi kubwa.

### Kwa mwenye kadi za kupimia mezani

Angalia joto la mahali unapohifadhi. Kadi nyingi zimeandikwa nyuzi joto 2 mpaka 30, na Tabora mwezi wa tisa na wa kumi chumba kisicho na kiyoyozi kinapita 30 mchana bila wasiwasi. Kadi iliyokaa kwenye kabati la dirishani linalopigwa na jua la Urambo siiamini hata kama tarehe yake haijaisha. Kama ilikuwa kwenye friji, iache ipate joto la chumba kabla hujafungua pakiti.

Soma kama kadi inataka damu nzima, plazma au seramu. Usikisie. Sampuli ambayo chembe zake za damu zimevunjika, ile ambayo plazma yake, yaani maji ya damu, imekuwa nyekundu kama juisi ya rosela, itupe utoe upya.

Weka matone kama ilivyoandikwa, bonyeza saa. Kadi nyingi zinasomwa dakika 10 mpaka 15, na ikipita 20 usiisome tena. Nimeona kadi imekaa mezani nusu saa kwa sababu umeme ulikatika na watu wamekimbilia jenereta, mtu karudi kakuta mstari mwepesi umejitokeza kaandika chanya. Hiyo ni kadi iliyokauka, sio majibu.

Mstari wa C (wa kuhakiki kadi) usipotokea, kadi ni mbovu, rudia. C ukitokea na T (wa troponini yenyewe) ukatokea ndani ya muda, hata kama T ni mwepesi mpaka unainua kadi kwenye mwanga wa dirisha ndio unauona, hiyo ni chanya. Usiandike "chanya kidogo" wala usisubiri ukolee. Muite daktari.

## Hatua ya 5: Soma namba pamoja na kipimo chake

Watu wananitumia picha ya majibu: "Ni 40, ni mbaya?" Siwezi kujibu. 40 ya nini?

Maabara moja inaandika ng/mL (nanogramu kwa mililita), nyingine inaandika ng/L (nanogramu kwa lita). 0.04 ng/mL na 40 ng/L ni kitu kile kile. Mgonjwa akihamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, 0.06 ya huku na 30 ya kule, ndugu wanaona imepanda mara mia tano wakati kwa hesabu imeshuka. Na hata ukibadilisha kipimo vizuri bado usilinganishe mashine mbili tofauti, wala troponini I na T, kila moja ina mpaka wake wa kawaida. Angalia mpaka ulioandikwa pembeni ya majibu yako, sio wa jirani.

Jambo ambalo wengi hawalijui kuhusu kadi: nyingi zinaanza kuonesha mstari kwenye 0.5 ng/mL, yaani 500 ng/L. Mashine nyeti ya troponini T inahesabu mtu kavuka mpaka akizidi 14 ng/L. Pengo hapo katikati ni kubwa sana, na wagonjwa wenye dalili za angina isiyo imara ambao moyo umeshaanza kuumia kidogo wanaangukia humo humo. Kwahiyo kadi chanya ichukulie kwa uzito wote, kadi hasi ichukulie kama "bado sijaona".

## Hatua ya 6: Kipimo cha pili, hapa ndipo wengi wanapokwama

Kwa mashine nyeti, kipimo cha pili kinachukuliwa baada ya lisaa 1, 2 au 3, kutegemea mashine na utaratibu wa hospitali. Kwa mashine za kawaida na kadi, subiri mpaka masaa 6 tangu kile cha kwanza, na kama daktari bado ana wasiwasi au maumivu yamerudi, kinaongezwa cha tatu.

Kwanini mbili? Kwa sababu tunatafuta mwendo. Moyo ulioumia leo unatoa namba inayopanda au kushuka. Mgonjwa wa figo wa muda mrefu anaweza kuwa na troponini juu ya mpaka siku zote, ila haitembei, leo na baada ya masaa 6 ni ile ile. Kama ya kwanza ilikuwa tayari juu, mabadiliko ya kuzidi asilimia 20 yanaonesha jambo linaendelea sasa hivi.

Ili isipotee, fanya haya:

1. Ukimaliza kutolewa damu ya kwanza, weka alamu kwenye simu yako. Zamu zinabadilika, nesi wa asubuhi anaondoka, fomu inabaki chini ya faili. Simu yako haibadiliki zamu.
2. Lipia cha pili mapema pamoja na cha kwanza kama wanaruhusu.
3. Alamu ikilia nenda kaunta: "Sista, habari za kazi, mgonjwa wa kitanda cha dirishani muda wake wa troponini ya pili umefika."
4. Hakikisha inapimwa maabara ile ile, kwa mashine ile ile.

Onyo: kama unaambiwa "nendeni nyumbani mrudi kesho mpime tena" na maumivu yalikuwa ya dalili nilizotaja juu, omba kwa upole mbaki hata kwenye benchi la nje. Kurudi Mwandiga au Ujiji ni rahisi, ila aliyetoka Uvinza, Nguruka au Sikonge akishaondoka harudi usiku maumivu yakianza.

Umefaulu kama una karatasi mbili zenye saa mbili, kutoka mashine moja.

## Hatua ya 7: Ziweke pamoja

Zote mbili ziko chini na hazijasogea, maumivu yameisha, ECG safi. Hakuna dalili ya msuli kufa. Hii ndiyo habari nzuri, ila soma inayofuata kabla hujafunga begi.

Zote mbili ziko chini, lakini hadithi ya maumivu ni ile ya kupumzika na kubana, au ECG imebadilika. Hii ndiyo angina isiyo imara yenyewe. Kwa jinsi ugonjwa huu unavyoelezwa sasa, troponini haipandi, ikipanda jina linabadilika linakuwa shambulio la moyo. Kwahiyo troponini ya chini haimaanishi huna ugonjwa, inamaanisha umekamatwa kabla msuli haujafa. Huyu anahitaji aspirini ya kila siku, dawa nyingine atakazopanga daktari, na mpango wa kuchunguzwa mishipa. Kumrudisha huyu na dawa za tumbo ndio hasara kubwa kuliko zote, maana bado tulikuwa na kila kitu cha kuokoa.

Imepanda au inatembea. Moyo umeumia. Analazwa, anawekewa mashine ya kufuatilia mapigo, anapewa dawa za kuzuia damu kuganda, na mazungumzo ya rufaa yanaanza. Ile dawa ya kuyeyusha donge haitolewi kwa sababu tu troponini imepanda, ni ya wale ambao ECG imeonesha mshipa umeziba kabisa, kwa wengine inaweza kuleta madhara ya kuvuja damu bila faida. Msimlazimishe daktari.

Iko juu lakini haieleweki. Troponini inasema moyo umeumia, haisemi kwanini. Moyo kushindwa kufanya kazi, donge kwenye mapafu, maambukizi makali kwenye damu, presha iliyopaa, mapigo yaliyokimbia, figo, hata upungufu mkubwa wa damu vinaweza kuipandisha. Na upande wa pili, mwenye kunywa vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi anaweza kupata majibu ya chini ya uongo kwenye baadhi ya mashine. Waambie maabara, hatutauliza wenyewe.

## Hatua ya 8: Rufaa

Kutoka zahanati au kituo cha afya unaelekezwa hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, Maweni kwa Kigoma na Kitete kwa Tabora. Uchunguzi wa mishipa ya moyo kwa waya na kuizibua unafanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam.

Safari ni ndefu, na hapa nasema maoni yangu waziwazi: mgonjwa ambaye troponini inapanda au maumivu yanarudi asipandishwe basi la usiku wala treni na kaka yake tu pembeni. Atulizwe kwanza, hospitali zizungumze zenyewe kwa simu, aende na mhudumu wa afya na dawa njiani.

Kabla hajaondoka piga picha za ECG zote na majibu yote mawili ya damu, zionekane saa, kipimo cha ng, na mpaka wa kawaida wa mashine iliyotumika. Jina la mashine likiwa halipo kwenye karatasi omba maabara waliandike kwa mkono na wagonge muhuri. Huko anakokwenda watampima upya kwa mashine yao, na bila hayo yaliyoandikwa namba yako ya kwanza haitawasaidia kitu, wataanza kuhesabu masaa upya kutoka sifuri.